Magoti ya Mama na Maji Moto ya Mlimani

Mama yangu ana magoti mawili na yote mawili yamemchoka. Siku hizi haendi shambani kwake Masii bila fimbo, na kanisani wenzake wakipiga magoti yeye hubaki ameketi, jambo linalomuuma kuliko magoti yenyewe. Halafu mwenzake wa jumuiya akamwambia kuna vidimbwi vya maji moto milimani, juu ya Naivasha, mahali pasipo hoteli wala kelele. Mimi, bintiye mwenye gari, sikuachwa nipumue.

Alfajiri tulitoka Machakos. Njiani alinionya: tukifika kwa wenyeji, Kikamba tukiache garini. Kwake, kusema lugha ya nyumbani mbele ya asiyeijua ni kumsengenya machoni pake.

Kabla ya adhuhuri lami iliisha, kisha miti nayo ikaisha. Zilibaki nyasi ndefu, mawe meusi na upepo wa kukata masikio. Njoroge, mwongozaji wetu, aliitazama ile fimbo.

"Mama, hiyo miguu itaweza? Kuna kupanda kidogo."

"Itaweza. Hii imelima mawe ya Ukambani."

Njoroge akacheka, kisha akaacha. "Sawa, lakini mnisikie. Mahali hakuna nyasi, msikanyage. Hiyo udongo nyeupe, chini maji inachemka. Mguu ikizama, hutoi ikiwa mzima."

Alasiri tulifika. Mama alitia miguu katika kidimbwi tulichoonyeshwa, akafumba macho, akasema, "Asante Yesu." Nilifurahi kweli. Mimi na Njoroge tukazunguka mwamba kuchukua mikoba tuliyoiacha upande wa pili, na hapo hapo ukungu ukashuka, ukachanganyika na mvuke. Tuliporudi, kidimbwi kilikuwa kitupu. Viatu havipo, fimbo haipo.

"Mama! Mama!" Sauti iligonga mwamba ikarudi ikiwa si yangu. Njoroge naye akaita, "Mama weee!" Kimya. Nilisikia maji tu yakitokota mahali fulani kushoto. Nilitaka kukimbia, Njoroge akanidaka mkono.

"Ukikimbia, nitatafuta watu wawili."

Tulisogea pole pole, tukiita. Niliogopa hadi nikaanza kumkasirikia. Sikio la kufa halisikii dawa, nikawaza, na papo hapo nikajutia neno kufa. Niliita "Mama" mpaka koo likakauka, na adabu zote zikanitoka.

"Mwaitu!" nikapiga ukelele kwa Kikamba, kama nilivyomwita utotoni. "Mwaitu, wi va?" Mama, uko wapi?

"Nyie vaa!" Mimi hapa. Alikuwa karibu kabisa, wala hakupaza sauti.

Tuliifuata sauti, Njoroge mbele akipapasa nyasi kwa mguu. Mama alikuwa amekwenda kujisaidia, ukungu ukamfungia njia, akaketi. Mbele ya viatu vyake udongo mweupe ulikuwa ukifuka moshi. Nilimkumbatia huku nikimgombeza, nikalia mbele ya Njoroge bila haya.

Jioni tulishuka. Wanaoniuliza kama maji yale yanatibu huwaambia yalimpa Mama wiki moja nzuri. Nilichojifunza mimi nilikipata garini, tulipopita Mai Mahiu, nilipoweza hatimaye kuuliza.

"Ulitusikia tukiita?"

"Niliwasikia tangu mwanzo."

"Sasa mbona hukuitika?"

Akajifunika leso vizuri magotini.

"Nilisikia mtu analia mama. Kila mtu akiogopa huita mama. Ningejua aje ni mtoto wangu?"