Barua ya Mwaro na Mechi ya Jumamosi

Kila mechi za kriketi za siku tano zinapochezwa Uingereza, televisheni iliyo katika duka la Abdulhakim, fundi cherehani wa mtaa wa Shela, Malindi, huwashwa saa saba mchana, mara tu watu watokapo kwenye sala ya adhuhuri, wala haizimwi mpaka wachezaji wametoka uwanjani jioni. Watazamaji ni watatu. Abdulhakim, aliyekuwa nahodha wa timu ya kriketi ya mji, hukaa nyuma ya cherehani yake. Mwaro, fundi wa mabomba ya maji kutoka Muyeye, hukaa kwenye kigoda karibu na mlango ili akiitwa kazini asimsumbue mtu. Mwalimu Fumo, mstaafu wa miaka sabini na minne, hupewa kiti chenye mgongo, kwa heshima ya umri wake na kwa kuwa ndiye aliyekuwa katibu wa timu ile.

Mwaka huo timu ya India ndiyo iliyozuru Uingereza, na ubishi wa dukani ulikuwa ni ule ule tangu mechi ya kwanza: mrushaji mmoja wa India wa mkono wa kushoto, hodari wa kuupinda mpira, alikuwa amesafirishwa mbali kote huko na bado hajachezeshwa hata siku moja. Siku ya nne ya mechi ya nne, Jumamosi, Waingereza walikuwa wamekwisha kupita alama, au ran, mia sita. Abdulhakim alisema kwamba hata cherehani yake ingeona kuwa kikosi hakina mrushaji. Mwalimu Fumo akawatetea wachaguzi kwa hoja zilizopangwa, kama alivyokuwa akifanya kila siku: kwamba kikosi ni mizani, kwamba anayechagua huona mambo ambayo mtazamaji hayaoni.

Mwaro akacheka. "Mwalimu, wachaguzi wamekuajiri uwe wakili wao? Hata siku moja hujapata kuwatia makosani."

Fumo akatabasamu. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwa nini hawezi kuwatia wachaguzi makosani.

Miaka ishirini na sita iliyopita, Mwaro alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, naye pia mrushaji wa mkono wa kushoto. Mechi moja ya Jumamosi, dhidi ya timu ya Mombasa, ilikuwa itazamwe na watu kutoka Nairobi waliokuwa wakitafuta vijana wa timu ya taifa. Kanuni ya timu, aliyoiandika Fumo mwenyewe, ilisema kwamba anayekosa mazoezi mawili bila udhuru hachezi. Wiki hiyo nyanya yake Mwaro alifariki huko bara, upande wa Ganze, akazikwa Jumapili, na Mwaro akakosa mazoezi mawili. Alhamisi alasiri dada yake Mwaro, Sidi, alifika nyumbani kwa Fumo na barua. Mwaro aliandika kwamba hanga la nyanya yake, yaani matanga, linamalizika Ijumaa na kwamba Jumamosi asubuhi atakuwa uwanjani.

Fumo aliisoma barua ile mara mbili. Kwao, watu wa Lamu, matanga ni siku tatu. Siku ya tatu husomwa khitma, na walio na kazi hurejea kazini. Akahesabu Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Siku zilizobaki aliziita uvivu uliovikwa nguo za msiba. Jioni ile, katika kikao cha kuchagua kikosi, mwenyekiti alipouliza udhuru wa Mwaro, Fumo alijua kwamba Abdulhakim akiiona barua atalainika. Barua ilikuwa katika mfuko wa shati la Fumo. Akasema, "Hakuna habari yake." Jina likakatwa.

Jumamosi ile Mwaro alifika saa mbili asubuhi, amevaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, kichwa kimenyolewa kama anyolewavyo mfiwa. Abdulhakim ndiye aliyesoma orodha, kwa kuwa kusoma orodha ilikuwa kazi ya nahodha. Mwaro hakuuliza neno. Alikaa juu ya kreti ya soda mpaka jua likazama, akiwapelekea maji wenzake kila walipopumzika. Watu wa Nairobi walirudi kwao, na hawakuja tena.

Sasa, kwenye televisheni, Wahindi wakapoteza wapigaji wawili kabla ya kupata hata ran moja. Saa tisa wachezaji wakaenda kula. Abdulhakim akapunguza sauti, na Mwaro, kwa mzaha wake wa miaka yote, akamwambia kwamba nahodha wa India amesomea kwake namna ya kuwatupa watu wa mkono wa kushoto.

Kwa kawaida Abdulhakim huitikia kwa mzaha mwingine. Siku hiyo, pengine kwa kuudhika na mchezo, alilivuta shati alilokuwa akilishona na kusema polepole, "Mwaro, ndugu yangu, mimi nilikutaka. Lakini hukutuma hata neno."

"Nilituma," Mwaro akasema. "Niliandika barua. Siku zote nimejua kwamba mliisoma mkaiona si kitu."

Abdulhakim akasema hakupata kuona barua yoyote. Mwaro akafungua kinywa ataje aliyepelekewa, akakifunga. Macho yake yakahama kutoka kwa nahodha hadi kwenye kiti chenye mgongo.

Fumo angeweza kusema kwamba ni mambo ya zamani, kwamba amesahau, na umri wake ungemwunga mkono. Hoja zilimjia zote, zimepangwa vizuri.

"Sidi aliniletea mimi," akasema. "Niliiweka mfukoni. Kikaoni nikasema hakuna habari yako. Abdulhakim hana kosa."

Mwaro akauliza, kwa sauti ya kawaida, "Uliisoma?"

"Niliisoma. Niliona siku tatu zinatosha."

"Hanga la mwanamke kwetu ni siku sita, Mwalimu. Ungeniuliza." Akainuka, lakini hakumwendea Fumo. Alimwendea Abdulhakim, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nahodha, nimekusimanga miaka ishirini na sita. Niwie radhi."

Mwaro akaubeba mfuko wake wa spana, akasema kuna bomba linalovuja Muyeye, akatoka. Fumo angependa kama angetukanwa.

Kesho yake, Jumapili, saa saba, Mwalimu Fumo alifika dukani kama kawaida. Kigoda cha karibu na mlango kilikuwa kitupu. Abdulhakim aliitikia salamu yake, akawasha televisheni, akaendelea kushona bila kumwuliza maoni. Fumo akakiacha kiti chenye mgongo, akakaa juu ya kreti ya soda iliyokuwa ukutani. Mgongo ulianza kumwuma kabla ya saa tisa. Wahindi walipiga mchana kutwa, mechi ikaisha bila mshindi, na kila mtu alipopita mlangoni Fumo aliinua kichwa. Hakusimama mpaka mchezaji wa mwisho alipotoka uwanjani.