Gari Jekundu Lilivyotufunga Mdomo Nyakabuye

Tuliondoka Kamembe kwa sababu mama alikuwa amechoka kupanga. Vita vya Kongo vilitutoa Bukavu na magodoro, masufuria na gari la marehemu baba, na tangu tuvuke mpaka kwenye daraja la Rusizi tulikuwa tukiishi katika chumba kimoja nyuma ya duka la mtu. Kule Nyakabuye, upande wa bonde la Bugarama, kaka yake mama, mjomba Anastazi, alikuwa amebaki kwenye shamba la babu. Kwetu binti aliyefiwa na mume akirudi kwao na kuomba, hakosi kipande cha ardhi cha kulima na kujenga. Tulikwenda kukiomba kipande hicho, basi.

Gari lenyewe linahitaji maelezo. Lilikuwa dekapotable, gari dogo lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma, ambalo baba alilinunua Bukavu kwa Mzungu mwenye mashamba ya kahawa aliyekuwa anafunga virago. Hata siku hiyo lilikuwa zee. Mita ya kilomita ilikwisha fika mwisho ikaanza upya, kisha ikafa kabisa, kwa hiyo hakuna anayejua lilitembea kiasi gani. Mimi najua tu kwamba lilishinda gereji kuliko barabarani. Breki zake zilitoka kwenye pikapu, tangi la petroli lilizibwa kwa sabuni, mlango mmoja ulifungwa kwa waya. Nilichopata kwa kuvusha bidhaa mpakani kilimezwa na gari hilo, na nililichukia, sioni haya kusema. Lakini rangi yake nyekundu ilikuwa bado inang'aa, na aliyeliona kwa mbali aliona gari la tajiri.

Asubuhi ya safari, fundi wetu Deo alifunga boneti na kujipangusa mikono.

"Papa, itatembea," akaniambia. "Lakini usifungule paa. Ile chuma yake imeoza. Ukiifungula, hairudie tena."

Mama alikuwa amesimama karibu, amevaa mshanana wa hariri alioazima kwa jirani, vazi la harusi na siku kubwa. Alisikia kila neno.

Baada ya Nyakarenzo tulikuta kizuizi cha wanajeshi. Malori yao yalikuwa yakielekea mpakani, nasi tukasubiri hadi yaishe kupita. Askari mmoja alizunguka gari letu akicheka.

"Munaenda ku ndoa?"

"Tunaenda kwetu," mama akamjibu, bila kucheka.

Bugarama ilitupokea na joto lake. Mashamba ya mpunga kila upande, vumbi la kiwanda cha saruji hewani, na injini ikaanza kuchemka. Tulijikokota hadi karibu na chemchemi za maji moto, ambako watu walikuwa wanaoga kutibu migongo. Nilishuka na kidumu kutafuta maji ya rejeta, nikarudi na maji ambayo sikuweza hata kuyatia kidole. Tukakaa kando ya barabara kungoja maji yapoe na injini nayo ipoe. Waogaji walitutazama kwa huruma, na sikuipenda huruma yao.

Kwenye kilima cha mwisho kabla ya kufika kwa mjomba, mama alinigusa bega.

"Fungula paa."

"Maman, Deo alisema..."

"Nilimusikia Deo. Siku naolewa nilitoka hapa na miguu. Sasa banione. Nikifika kama mukimbizi, kaka yangu atapata haya mbele ya majirani."

Nililifungua. Chuma kikalia, turubai likaanguka nyuma, na mama akakaa wima na mshanana wake, akipungia watu mashambani.

Kwa mjomba, watoto walikimbia mbele ya gari wakipiga kelele. Mjomba alimkumbatia mama akalia, naye mama akalia, nami nikaona kwamba safari ilikuwa na maana. Mabati ya nyumba yao yaliibwa mwaka wa vita vya upande huu wa mpaka. Sasa paa lilikuwa vipande vya shitingi, plastiki za kambi za wakimbizi, na majani ya migomba. Majirani walijaa uani, pombe ya ndizi ikaletwa. Kwa adabu zetu mgeni hasemi kilichomleta kabla pombe haijazunguka. Mama alikunywa kidogo kidogo, akingoja zamu yake. Nilimwona akitazama shamba, upande wa chini wenye maharage, na nikajua amekwisha chagua pa kujenga.

Kabla hajafungua mdomo, mjomba alisimama. Kiswahili alijifunza kwa madereva wa Bugarama, na siku hiyo alikisema kwa ajili yangu mimi mtoto wa Bukavu.

"Dada, unaona hii nyumba. Mvua ikinyesha, batoto banalala mu maji. Nilikuwa najiuliza nitalilia nani. Leo Mungu amekuleta, tena na gari. Unisaidie mabati."

Majirani wakapiga makofi. Mama alitazama gari, akanitazama mimi. Nilitaka kupasuka: jamani, gari hili ni kopo tupu! Lakini mama, mkubwa wangu, alikuwepo, na neno lilikuwa lake.

"Kaka," akasema taratibu, "tutayaleta."

Njiani kurudi mvua ilitukuta mlimani. Paa lilikataa kurudi, kama Deo alivyosema, na mshanana wa watu ukalowa chapachapa.

"Ungesema tu, Maman."

"Mbele ya bale bantu bote? Akuwe na dada mwenye kuomba, yeye mwenyewe akiwa anaomba?" Akajifuta uso. "Mimi ndio nilipaswa kusema kwanza."

Wiki iliyofuata tuliliuza gari kwa vipande. Injini ilikwenda kusaga mahindi, viti vikaenda kwenye baa. Tulinunua mabati, nikayapeleka Nyakabuye kwa pikapu ya kukodi, nikiwa nimeapa kwamba safari hii nitasema mimi. Nilikuta majirani wamejaa tena. Mjomba aliniinua mkono juu kama mshindi wa mbio.

"Tazameni! Ile siku gari, leo mabati. Dada yangu ni muntu mukubwa!"

Nilikunywa pombe yao nikapanda pikapu. Nilichojifunza ni kidogo, nacho kinaniuma hadi leo: tungefika kwa miguu, na matope yetu, tungepewa shamba.

Kamembe, mama alikuwa mlangoni.

"Ulimuambia?"

"Hapana. Walikuwa wanapiga makofi."

Mvua ilikuwa imeanza. Mama aliingia ndani, akachukua sufuria, akaiweka juu ya kitanda chake, mahali ambapo bati la mwenye nyumba lilikuwa linavuja.