Jina la mtoto lilikatikia kwa simu

Nyinyi mnaosoma hapa na hamjakanyaga kwetu Bukhayo tangu mavuno, hamna haya?

Leo nilikuwa nampa jina kitukuu changu aliyezaliwa Nairobi.
Mjukuu wangu Nafula, niliye naye hapa nyumbani, ametengeneza app ya kurekodi sauti. Nikasema sawa, mtoto akikua anisikie mwenyewe.
Nikaongea, akasimamisha kurekodi, akatuma Nairobi.

Mara mama wa mtoto akapiga simu akilia.
"Kukhu," yaani nyanya, "umemnyima mtoto wangu jina?"
Mimi?!

Tukasikiliza. "Mtoto wetu ataitwa..." Halafu kimya.

Kumbe ndani ya app kuna kazi inaendelea kwa nyuma, ya kuhifadhi sauti. Nafula akisimamisha alikuwa anaiua papo hapo, kabla haijashika neno la mwisho.
Nikamwambia, "Mimi ukinikatiza hivyo nitakuchapa."
Akacheka. Akarekebisha: sasa anaiambia imalize kwanza ilichobeba, ndiyo ifunge.

Nikarudia. "Ataitwa Nabwire, kama mama yangu."
Limeingia lote!
Sasa hivi mama yake ametuma sauti, anamwita, "Nabwire, Nabwire," na mtoto anapiga chafya, kana kwamba anaitika.

Na wewe ukija, kabla sijakumiminia chai, uniambie jina lako ulipewa na nani.