Kucha za Bi Somoe

Kwenye machimbo ya jasi nyuma ya Kiswere, Bi Somoe ndiye aliyechagua mawe. Jiwe likikwaruzika kwa ukucha ni jasi, linapakiwa. Likigoma, analikamulia ndimu; likitoa povu ni la chokaa, linatupwa. Msimamizi Cletus alimsifu mbele za watu kama mtu anavyosifu punda wake.

Lakini kucha zililika hadi nyamani, na ndimu ikawa inaingia vidondani. Siku aliposhindwa kabisa kukwaruza, alimnyooshea Cletus mikono.

"Bosi, nipatie japo msumari."

"Msumari unakwaruza jasi na chokaa pia. Una faida gani? Kama huwezi, nenda nyumbani."

Hapo akafika Zalfa, binti yake, bi harusi wa juzi, amemletea mama chakula. Hina ilikuwa bado inang'aa kwenye kucha zake ndefu. Cletus akazitazama, akacheka.

"Basi huyu aanze leo."

Bi Somoe alifumbua mdomo akatae, akakumbuka sufuria tupu, akaufumba. Akamshika mwanawe mkono, akauweka juu ya jiwe.

"Kwaruza kwa pembeni, mwanangu," akasema. "Zitadumu kidogo."