Samadi niliyoweka kwa mikebe ya Wafula

Jamani, nishaurini kabla Wafula hajapiga simu tena.

Wafula tunauza maua naye hapa Ngong Road. Fujo za kura zilipoanza alitoroka Kibera na watoto, akaniachia mikebe arobaini ya bogenvilia.

"Mutua, nichungie hizi tu."

Nikachunga! Nilizibeba zote hadi kwangu Kawangware. Nikaziongezea samadi ndio zinone.

Hapo ndipo nilikosea.

Samadi huwa tunaianika juani, tunaichekecha, ndio tunaweka. Lakini nani angeanika samadi nje na watu wanakimbizana na mapanga? Nikaiweka hivyo hivyo.

Leo asubuhi nimeona moja imenyauka. Nikaivuta kidogo tu.

Ikatoka yote. Haina mizizi!

Ndani ya mkebe ni funza wa samadi, weupe, wanene, wamejikunja. Nikamwaga mkebe mwingine, funza. Mwingine, funza.

Duka la dawa za mimea pale Satellite limefungwa tangu fujo. Basi nikakaa chini, nawatoa na kidole mmoja mmoja.

Simu ikalia.

"Niaje Mutua. Maua yangu je?"

"Ziko poa," nikasema. Mdomo wangu huu.

Nikasikia anavuta kamasi. Kumbe analia.

"Asante ndugu yangu. Nyumba walichoma. Ni hizo tu zimebaki."

Kati ya zote arobaini, zilizo na mizizi ni saba.

Tafadhali, mwenye ako na bogenvilia kwake anikatie hata vijiti nipande. Najua vinachelewa kushika mizizi. Lakini hata Wafula hajasema anarudi lini.