Plagi za Foleni

Jua halijakolea, lakini kwenye gereji za Gerezani, nyuma kidogo ya Mtaa wa Msimbazi, mikokoteni imeshaziba njia. Ridhiwani Mapande amechuchumaa kando ya gari jeupe, plagi mpya mkononi. Anapitisha bati jembamba la kupimia kwenye mwanya wa nchani, cheche inaporukia, anaubana kwa kuigonga plagi taratibu juu ya ubao, anapima tena. Haamini mkono wake.

Mwenye gari, Anuari, amesimama pembeni, mikono kaikunja. Zamani angekuwa amekaa juu ya tairi akimtania kwamba anayelisha nyumba ni mkewe. Leo kasalimia tu.

Wamekua mtaa mmoja. Mwaka jana Anuari alipotaka kulifungia gari lake turbo, hakuwaza fundi mwingine. Turbo huongeza nguvu na joto ndani ya injini, hivyo inatakiwa plagi wanayoiita ya baridi, inayopoa haraka, na mwanya wake uwe mdogo ili cheche isizimike. Ridhiwani alilijua hilo. Ila gari lilishinda Kariakoo, limebeba vitenge vya Anuari, likisogea kidogo kidogo kwenye foleni. Plagi za baridi zikashika masizi, gari likawa linakohoa. Wapiga debe wakamcheka: "Bosi, hiyo turbo au kifua?"

Ridhiwani akamsitiri rafiki yake. Akafunga plagi za moto, zinazojiunguzia masizi zenyewe, akaacha mwanya wa kiwandani. Kikohozi kikaisha. Anuari akanunulia chai gereji nzima.

"Nilimfungia plagi za foleni," anasema Ridhiwani. "Sikumuuliza kama atatoka nje ya mji. Na yeye angenijibu nini? Msiba haupangwi."

Simu ilimkuta Anuari dukani asubuhi moja: baba yake kafariki Tanga, anazikwa baada ya Alasiri. Akaondoka vile vile alivyo. Barabara ilipofunguka akakanyaga mafuta. Karibu na Chalinze plagi ziliiva kwa joto, mafuta yakawa yanawaka kabla ya wakati wake, pistoni ikatoboka. Alipofika Tanga kwa kudandia lori, kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Hakumgombeza. Hilo ndilo linalomla Ridhiwani.

"Angenitukana, ningelala. Alinipigia akasema, 'Fundi, gari limekufa.' Toka utotoni ananiita Ridhi. Siku ile nikawa fundi."

Sasa injini nyingine imeshafungwa. Ridhiwani anakaza plagi za baridi, mwanya milimita sifuri nukta saba. Anamweleza Anuari kwamba mjini gari litakohoa tena, itabidi zisafishwe mara kwa mara, wacheke wanaocheka. Anuari anaitikia kwa kichwa. Arobaini ya mzee, huko Tanga, ni Jumamosi.

Ridhiwani anajifuta mikono, anamwomba waende wote, ili njiani awe anazifungua plagi na kuzitazama rangi, ajue kama zinazidiwa na joto.

Anuari anaingia garini, anawasha, anasikiliza muungurumo.

"Fundi wa nini njiani?" anauliza. Kisha, macho yapo mbele: "Uje na kanzu."

Gari linapotelea kwenye mikokoteni. Ridhiwani anabaki amesimama na plagi kuukuu kiganjani. Anasema kwamba kila akiwa uso kwa uso na Anuari, maneno ya kuomba radhi humshinda. Kila akianza, anajikuta anaongelea injini.

"Nikifika kaburini nitamwomba radhi mzee mwenyewe," anasema. "Ila nataka Anuari awe kasimama karibu, asikie."