Hodi kwenye Tuta la Biarusi

Juzi binti yangu alinipakia garini kutoka Ibra, tukaenda arusini Samad Ash Shan, huku huku Omani, nilikokulia. Tulipopinda tu kona ya mitende nikapiga ukelele: "Simama, mwanangu, simama!" Akadhani kuna mbuzi barabarani. Mbuzi wapi! Ilikuwa husuni yetu, ile ngome ya zamani. Iko vile vile juu ya jabali, ukuta mmoja umelala, mnara umebaki na pengo. Na chini yake lile tuta la mawe na mchanga, ila sasa limezungushiwa waya. Moyo ukanipiga paa, nikajua washalivunja.

Wewe hukukulia pale, hujui tuta lile lilivyokuwa. Watoto wa mtaa walisema chini yake imezama arusi nzima na ngoma zake, na biarusi yumo bado, anangoja hina ikauke. Na kule husunini, ati, baada ya alasiri utasikia kinu cha kahawa kinatwangwa, na hamna mtu. Mimi nilikisikia. Kaka yangu alisema ni jirani anatwanga kwake, sauti inagonga jabali. Huyo tangu utotoni hakupenda watu wafurahi.

Bibi yangu, aliyenilea, alikuja kutoka Unguja na hata Kiarabu cha kuombea maji kilimpa tabu. Kwa kupika hakuna aliyemfikia. Mkate wake wa kumimina ulinukia iliki mpaka mferejini tulikokwenda kuosha vyombo. Lakini wanawake wa mtaa hawakuja kwetu. Asubuhi walizungukiana nyumba hata nyumba kwa kahawa na sinia la tende, na nyumba yetu wakairuka. Bibi alifagia baraza kila siku, akatandika mkeka, akangoja. "Subira yavuta heri," alisema, kisha akaukunja mkeka mwenyewe. Yaliniuma sana.

Kwao shamba, mtu akihamia mahali papya hupiga hodi kwa wenyewe wa pale, wanaoonekana na wasioonekana. Basi kila Alhamisi alasiri Bibi alitia makaa kwenye chetezo, akajifunga kanga zake, tukapanda mimi na yeye mpaka kwenye tuta. Akafukiza ubani, akatoa salamu, kisha: "Hodi, wenyewe. Sisi wageni wenu. Tupokeeni." Kwa Kiswahili! Moshi unapanda, bibi kizee anasema na mawe kwa lugha isiyojulikana. Lahaula, ulitaka watu wafikiri nini? Mtaa mzima ukashika kwamba yule Mzinjibari anatuma majini, na hata salamu za njiani zikapungua.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mrefu mwenye ulimi mkali, ndiye aliyeamua kumfumania. Alhamisi moja alitufuata, akatokea nyuma ya tuta mikono kiunoni. Chetezo nusura kinidondoke. Hakumtazama Bibi, alinishika bega mimi, akaniuliza kwa Kiarabu, "Anasema nini huyu? Niambie neno kwa neno."

Nikamwambia. Anabisha mlango. Anasema sisi wageni, anaomba kupokewa.

Jirani akageukia nyumba zetu kule chini. "Miaka yote hii," akasema, "anabisha kwa mawe, na mlango wangu uko pale?" Akakaa mchangani na abaya yake, akalia. Bibi hakufahamu hata neno, naye akakaa, akamshika mkono. Kisha jirani akaniuliza: kwa lugha yenu, mtu akibisha hivyo anajibiwa nini?

"Karibu," nikasema.

Akalirudia mpaka likamkaa. "Kariibu. Kariibu."

Kesho yake sinia la kwanza la asubuhi lilikuja barazani kwetu. Na Alhamisi hawakuziacha. Jirani alitangulia na birika la kahawa, akajificha nyuma ya tuta, Bibi akipiga hodi, tuta linajibu "Kariibu!" Kila mara Bibi aliruka, na kila mara alimgombeza: "Mwanamke huna haya, utaniua!" Wakacheka mpaka kahawa ikapoa. Jirani hakujua neno jengine la Kiswahili, akalitumia hilo hilo kualika, kushukuru, hata kuaga.

Wote wawili wametangulia mbele ya haki. Nyumba ya Bibi imebaki kuta, mtende umeota ukumbini, na siku hizi watu wanywa kahawa kila mtu kwake.

"Mama, hii ndio kilima ya bibi?" binti yangu akaniuliza. Kiswahili chake ndicho hicho, ngeli zimemkimbia, lakini moyo anao. Tukashuka. Ndani ya waya hapakuvunjwa kitu; palichimbwa kwa adabu, kamba zimetandazwa, vibrashi na ndoo pembeni. Kibao kinasema yale ni makaburi ya kale, ya watu waliokaa hapa kabla husuni haijajengwa. Kumbe walikuwamo! Bibi wee, ulikuwa ukibisha penye watu!

Binti yangu akashika waya, akapaza sauti kwa mchezo: "Hodi, wenyewe!"

Shimoni akainuka msichana, kofia juu ya shela, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kiswahili hajui, baadaye tulizungumza Kiarabu, akanionyesha nyumba ya bibi yake, ile ya ukuta kwa ukuta na yetu. Lakini kabla ya hayo yote alitutazama, akacheka, akajibu kwa sauti ile ile ya kuvuta:

"Kariibu!"